Shibiri Moja ya Mtutu

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kama hujawahi kuishi na mwalimu wa fizikia, muulize mume wangu. Nyumbani kwetu Dodoma mlango haufungwi mpaka nieleze kwa nini bawaba imewekwa pale ilipo. Nayasema haya mapema ili utakapofika kwenye upumbavu wangu usije ukasema sikukuonya.

Baba yangu anaishi Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, karibu na reli aliyoitumikia tangu ujana hadi kustaafu. Alikuwa katika genge la njia, wale wanaume wa kunyanyua reli kwa mitaimbo na kubadilisha mataruma yanayobeba reli. Alipostaafu akajilimia mtama nyuma ya nyumba, ekari mbili tu, na tangu hapo adui yake mkubwa duniani akawa kwelea. Asiyewajua ndege hao amshukuru Mungu. Wakishuka shambani asubuhi, ikifika saa nne umebaki na mabua.

Silaha yake ilikuwa bunduki ya upepo aliyoinunua zamani sana, na kibali chake amekitunza ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Hakuwapiga ndege. Katikati ya shamba alitundika debe tupu kwenye mti mrefu, yeye akapanda juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mazao, akalenga debe. Ngwaa! Ndege wote juu.

"Ukimuua mmoja, wenzake hawana habari," alinieleza nikiwa mdogo. "Debe linawaambia wote."

Mwaka juzi akapata kiharusi. Akapona, lakini mkono wa kushoto ukabaki dhaifu, unatetemeka. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na mimi na kaka yangu tulikuwa hatulali. Simu ikiita mara tatu bila kupokelewa, nimekwisha kumzika baba kichwani mwangu. Tukambembeleza ahamie kwangu mjini. Nikapaka rangi chumba cha nyuma, nikanunua kitanda na neti mpya. Mzee akakataa, akakataa, mwisho akatoa neno moja.

"Nikishindwa kulinda mtama wangu mwenyewe, mje mnichukue."

Baba akisema neno, amesema.

Likizo ya Juni nikaenda kumtazama. Nilimkuta akitoka shambani taratibu, bunduki ameigeuza fimbo, mdomo wa mtutu unachoma ardhi kila hatua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama." Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Baba, bunduki ndiyo fimbo siku hizi?"

"Kazi nyingine imeikataa," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Upande mmoja wa shamba masuke yalikuwa yameliwa yakabaki meupe.

Akanionyesha shida yake. Bunduki ile ukitaka kuikoki unauvunja mtutu wake kuelekea chini, ukishaurudisha juu iko tayari. Hilo aliliweza: alikaa, akabana kitako pajani, akavuta kwa mkono wa kulia peke yake. Shida ilikuwa kulenga. Mkono wa kushoto ulitakiwa kuubeba mtutu, na mtutu ulikuwa mrefu na mzito, basi ukacheza, na risasi ikaenda popote isipokuwa kwenye debe. Halafu kule kuigeuza fimbo kulikuwa kumeleta kutu, mdomo wa mtutu umeliwa.

Jamani, niliona jibu papo hapo, na nilijipenda sana kwa kuliona. "Tunaukata! Tunatoa kutu, na uzito wa mbele unapungua. Mkono hautatetemeka tena."

Baba akautazama mtutu. "Kata vidole viwili, pale palipoliwa."

"Vidole viwili vitapunguza nini, baba? Nakata shibiri nzima."

"Shibiri ni nyingi, mama."

"Baba, mimi hivi vitu navifundisha."

Akainuka kutafuta msumeno. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Tulifanya kazi barazani siku mbili. Mtutu ulibanwa kwenye jiliwa la zamani la baba, kibanio cha chuma kilichofungwa juu ya kipande cha taruma. Nikakata kwa msumeno wa chuma, taratibu, baba akidondosha oili ili meno yasishike moto. Kipande kikaanguka, shibiri kamili. Nikasawazisha mdomo kwa tupa, kisha kwa msasa, nikiugeuzageuza mpaka ukingo wa tundu ukawa laini. Kidude cha kulengea nikakirudisha mbele kwa parafujo. Siku ya pili nikakwangua kutu yote mpaka chuma kikawa cheupe, nikakipasha kwenye jiko la mkaa, nikakisugua na oili chafu kwa tambara, nikarudia na kurudia hadi mtutu ukawa mweusi wa kung'aa. Nilikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Niliimba tenzi zote za kwaya ninazozijua, na nyingine ambazo sizijui. Baba alikaa kwenye kigoda akinitazama tu, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha kiasi kile.

Alipitisha kidole gumba juu ya weusi ule. "Imekuwa mpya," akasema.

Asubuhi ya siku ya tatu tukaenda kuijaribu. Baba akapanda dungu, akainyanyua bunduki, mkono wa kushoto ukaibeba. Haukutetemeka! Nilipiga kigelegele peke yangu pale shambani. Kisha akabana kitako pajani ili aikoki, akavuta.

Mtutu haukushuka.

Akavuta tena. Mishipa ya shingo ikamtoka. Mtutu ulishuka kidogo ukagoma, akauachia. Akautazama mtutu, akanitazama mimi, kisha akautazama mkono wake wa kulia, ule mzima.

"Mkono huu nao umekwisha," akasema.

"Hujapasha mwili moto tu, baba. Lete." Nikaichukua, nikaikoki kwa mikono miwili, nikiguna. Naapa sikuwaza lolote. Akalenga, akapiga debe kwa risasi ya kwanza, ndege wakaruka, nikashangilia. Wakarudi. Akavuta, mtutu ukagoma. Nikamkokia tena. Mara ya nne akaniambia basi, akashuka kutoka kwenye dungu akanipitia bila kusimama.

"Nitolee sanduku. Mpigie kaka yako."

Kaka alifurahi mpaka akakosa sauti. "Mungu mkubwa! Amekubali mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikasema. Tukapanga kuondoka kesho yake.

Nilifungasha mashati yake, yale manne mazuri, halafu nikaenda kufagia baraza. Kwenye unga wa chuma nikaokota kile kipande nilichokikata. Mbele yangu, kwenye kona, umesimama mtaimbo wa baba wa kazini, mrefu kunizidi. Nikautazama mtaimbo, nikakitazama kipande mkononi mwangu.

Nyenzo. Kidato cha pili, mada ambayo nimeifundisha mpaka naweza kuifundisha nikiwa usingizini. Fupisha mkono wa nyenzo, nguvu inayotakiwa inaongezeka. Mtutu wa bunduki ile ndio nyenzo yake ya kukokia, na mimi, mwalimu mzima, nilikuwa nimeikata zaidi ya theluthi, kwa madaha, huku naimba. Mkono wa baba ulikuwa vilevile. Kilichokwisha kilikuwa kwenye kiganja changu.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mume wangu. Sikumkimbilia baba. Nilisimama pale na kile kipande, nikawaza: nani anajua? Sanduku limefungwa. Chumba kimepakwa rangi. Nikinyamaza tu, nampata baba yangu, simu haitanitia tena jasho, na kaka atalala. Atakuja akiamini kwamba mwili wake ndio uliomsaliti, lakini si atakuwa salama? Niliwaza hivyo kwa muda wa kutosha chai kupoa. Naona aibu hata leo.

Kisha nikaenda. Alikuwa amekaa kitandani, viatu vya safari vimo miguuni tayari, safari yenyewe kesho.

"Baba, mkono wako hauna tatizo. Ni mimi. Nimekata mno."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mama, nimenyanyua reli maisha yangu yote. Mtu aufupishe mtaimbo wangu nisijue?"

Mimi nikitaka kulia huwa nakasirika kwanza. "Sasa kwa nini usiseme? Kwa nini ujisingizie mkono?"

"Nilikuambia shibiri ni nyingi."

"Ungenipigia kelele!"

"Umetoka mjini, umekaa kwenye vumbi siku mbili, unaimba. Tangu mama yako afariki hakuna aliyeimba kwenye baraza ile. Nikwambie umeharibu?" Akazitazama kamba za viatu vyake. "Halafu niliposema sanduku, ulishusha pumzi. Nikasema kumbe. Kumbe mtoto amechoka kuniwazia. Basi nimpumzishe."

Lo. Niliketi chini, sakafuni, nikalia kama mtoto, na hakunizuia.

"Nataka uje," nikamwambia nilipoweza. "Sitakudanganya. Kila siku nataka. Lakini si hivi, baba. Si kwa kosa langu."

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. Kisha akaanza kufungua kamba za viatu. "Lakini chuma si maji. Nenda stoo, nyuma ya mapipa, kuna kipande cha bomba."

Nikakikuta, bomba la maji la zamani, urefu wa mkono, tundu lake pana. Nilitaka kukimbia nalo shambani, akaniambia nisubiri. Akachana kitambaa cha shati kuukuu, akakipachika ndani ya bomba kwa kidole, pole pole, akikizungusha.

"Hicho cha nini?"

"Nisikukwangulie weusi wako."

Alipanda dungu peke yake, akakataa kushikwa. Akabana kitako pajani, akalivika bomba kwenye mtutu, akavuta kwa mkono wa kulia. Mtutu ukashuka taratibu mpaka mwisho, bila kuguna. Akalichomoa bomba, akatia risasi, akaurudisha mtutu, akainua. Mkono wa kushoto ukaibeba ile bunduki nyepesi ukatulia tuli. Ngwaa! Kwelea wakanyanyuka wote, wakazunguka, wakaenda kutua shamba la jirani.

"Ah, mzee!" jirani akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Umerudi? Sasa tutakoma!"

"Tundika debe lako!" baba akamjibu, na sauti ile sikuwa nimeisikia tangu augue.

Nilirudi ndani, nikafungua sanduku, nikayatoa mashati yote manne, nikayatundika kwenye misumari yake ukutani. La mwisho nilikaa nalo kidogo usoni kabla sijaliachia. Simu ikaita, alikuwa kaka. Alitaka kujua tutapanda basi la saa ngapi, na mzee anaendeleaje, na mbona hapokei simu yake.

Debe likalia shambani. Nikangoja mlio upite.

"Hapokei," nikamwambia, "yuko kazini."