Siku Kavata Alipotualika Chai Kawangware

Sisi tuliokulia Makina, Kibera, tulipakwa mafuta kwa lazima. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, Mama alitoa benchi nje, akatupanga watoto wa ploti nzima bila kujali nani ni wa nani, akachota mafuta ya mgando kwa vidole viwili na kutusugua nyuso, magoti na visigino hadi tukang'aa kama sufuria mpya. Ukilia kwamba yameingia machoni, alizidisha. "Mtoto mkavu ni aibu ya ploti nzima," alisema. Halafu tulikimbilia kucheza bladda, kuruka kamba ya mpira, na vumbi lote la Kibera likatunatia. Kanisani tulifika kama mandazi yaliyoanguka kwenye unga.

Rafiki yangu Kavata hakukosa benchi hiyo. Mamake alitoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo, kwa hivyo Kavata alikunywa uji kwetu, alisukwa matuta kwetu, na usiku ilibidi afukuzwe akalale kwao. Mlango wetu ulikuwa pazia. Hakuna aliyebisha.

Mwezi uliopita, miaka mingi tangu ahamie Kawangware, alinipigia simu. "Nekesa, kuja Jumamosi na mathe. Chai iko, tupige stori za kitambo." Mama alifurahi kupita kiasi. Alimbebea fungu la kunde, na njia nzima akawa anajiuliza kama mtoto yule bado anacheka kwa kuziba mdomo.

Nyumbani kwake tulikuta viti vya plastiki vimepangwa, wanawake kadhaa wameketi kimya kama wanangoja daktari, na mbele yao meza iliyojaa vichupa vya vipodozi. Chai sikuiona. Kando ya meza alisimama mwanadada aliyejichora nyusi juu sana, akaonekana ni kama ameshtuka tangu asubuhi. Tulipoingia tu, Kavata alifunga mlango kwa komeo. "Ni vumbi," akasema, bila kunitazama.

Mwanadada alimshika Mama mkono, akamketisha mbele ya watu. "Mnaona haya madoa? Hii ndiyo sura ya mtu amejisahau." Wengine wakacheka kidogo, kila mmoja akishukuru si yeye. Mama naye alicheka, akidhani ni mchezo. Mwanadada akampaka krimu, kisha poda, upande mmoja tu wa uso, akampa kioo.

"Huku ni mama kijana. Huku ni shosho. Sasa utatoka nje hivi?"

"Malizia basi," Mama akasema.

"Nitamalizia binti yako akinunua seti."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia asante, leo hapana.

"Kwani hupendi mamako?" akauliza kwa sauti, ili wote wasikie.

Nilimgeukia Kavata aniokoe. Alikuja akapiga magoti kando ya kiti cha Mama, akamshika goti, akaniangalia machoni. "Nekesa, huyu mathe alitulea sisi wote. Alitupaka mafuta na mikono yake. Kweli utamnyima hii kitu kidogo?"

Nimeshawahi kusukumwa na wauzaji, nimefuatwa sokoni hadi nikavutwa mkoba. Lakini benchi ya Mama? Sikujua kuna mtu anaweza kuiweka mezani pamoja na vichupa.

Mama aliacha kucheka. "Kavata, niletee maji ninawe."

"Hiyo haifai kuoshwa sasa hivi," mwanadada akaingilia.

"Maji, mwanangu."

Kavata alileta karai la maji. Mama alinawa taratibu mbele ya watu wote, akajifuta kwa leso, akaenda mlangoni akafungua komeo mwenyewe. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma akainuka upesi akatoka nasi, hata hakuaga.

Kavata alitukimbilia hadi kwenye geti, machozi yakimtoka. "Mama, nisamehe. Yule ndiye bosi wangu. Aliniambia nianze na watu hawawezi kunikatalia."

Mama akamuuliza, "Na ukishawamaliza hao?"

Mama akampa zile kunde, tukaondoka.

Vijana wangu nyumbani hawaelewi kwa nini nilishtuka. "Mum, hiyo ni biashara tu," wananiambia, macho kwenye simu, ambamo hata mtu anayepika ugali anauza kitu. Labda wako sahihi. Wao hawajawahi kupangwa kwenye benchi na mama asiye wao.

Juzi Kavata alipiga tena. Nilitazama jina lake likiwaka, nikakaribia kuiacha simu ilie hadi inyamaze, lakini Mama alikuwa ameketi kando yangu. "Shika," akasema. Nikashika. Kabla hata sijasema haloo, nikasikia sauti yake ikiharakisha: "Nekesa, siuzi kitu."

Zamani Kavata alikuwa akifunua pazia letu na kuuliza tu, "Uji bado iko?"