Yakoumis Mpima Zaka na Rundo Lililozidi

Yakoumis wa kijiji cha Pano Vrisi alipima zaka ya ngano kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutikisa kipimo. Hilo linaonekana jambo dogo kwa asiyejua. Enzi za Waturuki haki ya kukusanya zaka ilikuwa ikinadiwa kwa matajiri, nao walikuja uwanjani na watu wao, wakijaza kipimo wanakipiga kwa goti mpaka ngano inashindiliwa na nyingine inaingia. Yakoumis alijaza, akapitisha fimbo juu mara moja, kilichoanguka kimeanguka. Mkulima akimwambia punguza, hapunguzi. Bwana mkubwa akimwambia shindilia, anajifanya kiziwi.

Waingereza walipokichukua kisiwa na kusema sasa serikali itapima yenyewe, walimwachia kazi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini mkewe Rodou alikuwa mtu wa kubana matumizi na Yakoumis hakuwa na makuu. Alipenda harufu ya makapi, alipenda kuzijua ngano za watu. Angeweza kushika konzi moja akakuambia imetoka shamba la nani na nani alichelewa kupalilia. Mimi nasema alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wengi waliompita kwa cheo.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi: ukishapura na kupepeta, unakusanya ngano yako rundo moja uwanjani, kisha mkuu wa kijiji anakisia na kuandika, anagonga rundo zima kwa muhuri wa mbao wenye maandishi ya serikali. Alama zinabaki juu ya ngano pande zote. Kuanzia hapo humegi hata ya uji mpaka mpimaji aje achukue moja katika kila kumi. Alama zikivurugika, rundo lote ni la serikali.

Sasa mwaka ule wakubwa wa Lefkosia, mji mkuu, walikaa wakaangalia matumizi ya wilaya, wakaona wapimaji wanne ni gharama. Wakabakiza wawili. Waliokata shauri hilo hawakuwa na ngano nje, kwa hiyo walilala vizuri.

Ndiyo maana rundo la Tallou lilikaa uwanjani siku kumi na tisa. Tallou alikuwa mjane, na mjane huazimwa ng'ombe wa kupuria wenzake wote wakishamaliza. Yakoumis alipopita mara ya kwanza akawapimia majirani, Tallou alikuwa bado anazungusha ng'ombe. Aliporudi ilikuwa Jumatano, na Jumapili Tallou alikuwa anamwoza binti yake Styllou. Ngano ya kutwanga na kupikwa na nyama ya harusi ilikuwa ndani ya rundo lile lile, pamoja na mkate wa nyumba nzima mpaka mavuno mengine. Hakuwa na nyingine popote.

Safari hii Yakoumis hakuja peke yake. Aliongozana na karani wa hazina, kijana aitwaye Evelthon, aliyetumwa kuangalia kama wapimaji wawili wanatosha. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya, ila viatu vyake vilikuwa vya mjini na jua lilikuwa limemkera.

Evelthon alilizunguka rundo mara moja, akasimama.

"Mzee Yakoumis, hebu njoo. Tangu lini muhuri wa serikali una msalaba?"

Yakoumis akainama. Juu ya ngano, pande zote, zilikuwa zimegongwa alama nzuri, safi, za muhuri wa msalaba unaogongwa kwenye mikate ya ibada kanisani.

"Mama Tallou," karani akasema, "nani ameligusa rundo hili?"

Tallou alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameshika ncha za kitambaa chake. "Mbuzi wangu, bwana."

"Mbuzi ndiye aliyegonga msalaba?"

"Mbuzi alivuruga. Msalaba..." akainamisha macho. Majirani nao, waliojaa uwanjani kama wamealikwa, wakaanza kutazama viatu vyao. Mke wa kasisi alivitazama vyake kuliko wote.

Karani akafungua kitabu. "Sheria iko wazi. Rundo linachukuliwa."

Tallou hakulia. Aliketi tu chini palepale kwenye makapi, na Yakoumis alisema baadaye kwamba ni heri angelia.

"Tupime kwanza," Yakoumis akasema.

"Upime nini, mzee? Zote ni zetu."

"Basi tujue zetu ni ngapi. Utaandika nini huko Lefkosia, rundo?"

Hilo lilimwingia kijana. Yakoumis akavua koti, akajaza, akapitisha fimbo, akamwaga. Akajaza, akapitisha fimbo, akamwaga. Mkuu wa kijiji alikuwa amekisia vipimo sitini. Vilipofika sitini bado kulikuwa na ngano. Vikafika sitini na nane ndipo sakafu ikaonekana.

Karani akasoma kitabu mara mbili. "Mwizi gani huyu anayeiba rundo likaongezeka?" Kisha uso ukamchangamka, maana hesabu ilikuwa kazi yake. "Sikiliza. Zimezidi nane. Labda muhuri uliharibika kwa bahati mbaya. Mama huyu akilipa zaka ya sitini na nane, mimi sikuona msalaba wowote. Serikali imepata, naye kabaki na ngano yake."

Yalikuwa maneno ya huruma, na mtu mwingine angeyadaka. Yakoumis alikuwa amechuchumaa, konzi ya ngano kiganjani, anaigeuzageuza kwa kidole.

"Haiwezekani, bwana karani. Hii nyekundu si ya shamba la Tallou. Hii yenye shayiri ndani nayo siyo. Nilizipima mwenyewe mwezi huu, zaka yake nikaitoa, imo humo kitabuni mwako. Ngano haitozwi mara mbili."

"Mzee, unamwokoa au unamzamisha?"

"Sijui," Yakoumis akasema. "Najua imeshatozwa."

"Basi mwenyewe ajitokeze. Lakini ajue, kugusa rundo lenye muhuri ni kosa." Karani akawageukia watu. "Ni ya nani?"

Kuku mmoja alipita katikati akidonoa, hakuna aliyemfukuza. Yakoumis alijua amefungua mdomo, na kama hakuna wa kujibu, amemnyang'anya mjane mkate kwa unyoofu wake.

"Nne ni zangu."

Aliyesema ni Hambis, shemeji yake Tallou, mdogo wa marehemu. Tangu kaka yake azikwe, miaka minne, walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba.

"Mbili zangu," akasema Mylou jirani. "Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyeongeza."

"Mbili," akasema mhunzi. "Kumbe."

Mwenye mkahawa akataja mbili, naye mke wa kasisi akasema moja, na muhuri ni wake, aliugonga alama zilipovurugwa, na kama kuna faini ya msalaba aambiwe yeye, kasisi hajui lolote. Hapo watu wakacheka, hata karani.

Evelthon akajumlisha. "Zinakuwa kumi na moja. Zilizozidi ni nane."

"Tatu alikula mbuzi," Yakoumis akasema, "na kuku, na sisimizi wa siku kumi na tisa. Mngenituma baada ya siku tano, tusingekuwa hapa."

Kijana akafungua kitabu cha sheria, akalowesha kidole, akasoma kwa sauti: anayepunguza, anayeficha, anayehamisha, anayebadilisha. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena.

"Anayeongeza hayumo," akasema taratibu.

"Hawakumtarajia," mhunzi akasema.

"Na waliogonga muhuri wamegonga wa kanisa, si wa serikali. Hawakughushi chochote cha kwetu." Akafunga kitabu. "Naandika sitini, kama ilivyokisiwa. Zaka ni sita. Alichokula mbuzi ni hasara ya mwenye mbuzi. Na huko Lefkosia nitawaambia wapimaji wawili hawatoshi, wakitaka waninunie."

Yakoumis akapima sita, akapitisha fimbo kwa kila kimoja kama kawaida. Kisha akawaambia majirani wachukue zao. Hakuna aliyesogea. Mwenye mkahawa akasema yeye amechoka kubeba, mara moja inatosha.

Tallou alikuwa ameinuka, makapi yamemganda kwenye sketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Hambis.

"Sikuweka kwa ajili yako," Hambis akamwahi. "Niliweka kwa ajili ya mtoto."

"Najua, shemeji. Basi Jumapili mpeleke mtoto wako kanisani, baba yake hayupo wa kumshika mkono. Saa nne. Na uvae viatu."

Hambis akainama, akakung'uta makapi miguuni.

"Viatu ninavyo," akasema.