Mwimo wa Mlango wa Saba

Mimi ni seremala, na sihitaji mtu wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kazi yangu naijua. Ndiyo maana waliponiita kukarabati lile jengo la kale la chama cha wasioona, nilikwenda kifua mbele. Chama kilikuwa kimehamishiwa nje ya mji, kwenye vyumba vya mabati, na jengo likatangazwa kuwa la kihistoria. Amri tuliyopewa ilikuwa fupi: lirudi kama lilivyokuwa siku lilipojengwa. Kila kitu ambacho vipofu walikiongeza kwa miaka sabini kiliandikwa kwenye karatasi za kazi kwa neno moja, uharibifu.

Na walikuwa wameongeza mengi. Kulikuwa na waya wa kushikilia kando ya ukumbi mrefu, vigingi vya kutundikia fimbo, na kwenye mwimo wa kila mlango, usawa wa mkono, alama ya mwenye chumba iliyokatwa kwa kisu. Huyu mikato miwili, yule tundu na mstari. Mtu akipapasa anajua kafika kwake au kakosea mlango.

Mzee Brashi alikuja wiki ya kwanza, ameshikwa mkono na binti yake. Jina hilo alipewa humo humo, maana alifunga brashi na mafagio tangu ujana mpaka vidole vikapinda. Mkewe alisuka vikalio vya viti, naye pia haoni. Walikutana kwenye karakana ya chini, wakaoana, wakapewa chumba cha saba, na binti akazaliwa mle. Alama ya mlango wao aliikata mke: mikato mitatu. Alipofariki, mzee aliishi pale miaka tisa zaidi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipitisha kidole gumba juu ya ile mikato. Binti alitueleza kwamba watu wengine wana picha ya marehemu wao ukutani. Baba yake ana ule mwimo.

"Kama ni lazima muutoe," mzee akasema, "naomba kile kipande tu. Kinaingia mfukoni."

Msimamizi wetu, mkavu wa macho yule, akamjibu hakuna tabu mzee wangu, kitu kidogo hicho. Huku anasema, katoa ulimi na kugeuza mboni juu, ili atuchekeshe. Binti alikuwa ametupa mgongo, akitazama chumba alichozaliwa. Tukacheka. Nami nilicheka, sijitoi. Mzee aligeuza uso upande wetu, akangoja kicheko kiishe, kisha akashukuru.

Siku kumi baadaye ikafika zamu ya mlango wa saba. Nikamkumbusha msimamizi. Akaniuliza kama nimeajiriwa useremala au ulezi wa wazee, nikafyata mkia. Nilikikata kipande chenye alama, nikapachika kipya, nikapiga randa na msasa hata wewe mwenye macho yako mawili usingeona kiungo. Nilijisifu kwa sauti. Kile cha zamani kilikuwa cha upana wa kiganja, ningeweza kukitia mfukoni nisiulizwe na mtu. Nilikirusha kwenye rundo la vibanzi, kwa sababu saa ya chai ilikuwa imekaribia.

Siku moja kabla ya uzinduzi, msimamizi akaja mbio, jasho linamtiririka. Wakubwa walikuwa wamemwalika Mzee Brashi aje atoe shukrani mbele ya wageni, naye amesema kwanza atapita chumba cha saba.

"Chonga nyingine," akaniambia. "Kipofu atajua nini?"

Nikachonga. Alama niliikumbuka vizuri: mikato mitatu, wa mwisho umekwenda upande kama wa mtoto anayejifunza. Nikaikata yote mitatu safi, sawasawa, kwa patasi kali, kisha nikaipaka masizi ionekane kuukuu. Ndiyo, ionekane. Namwibia mtu asiyeona, halafu nahangaika na rangi. Akili gani hiyo?

Kesho yake msimamizi alimvika mzee kilemba cha ukoka tangu getini, mara hazina yetu, mara nguzo ya jengo hili. Mimi nikamshika mkono, nikamfikisha mlangoni, nikaweka kidole chake pale. Kikapita mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kikasimama. Kikarudi tena kwenye wa tatu.

"Hapa kisu kilimponyoka," akasema taratibu. "Alijikata, nikamfunga kidole kwa shati langu. Wewe umeunyoosha."

Ukumbini walikuwa wameshaanza kumwita. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliuliza tu kile kipande kiko wapi, akasema hata kama kimepasuka atakichukua hivyo hivyo.

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimeshadanganya mara moja, na kidole chake kikaniumbua.

"Tulichemshia chai," nikamwambia.

Akaniomba nimpeleke kwa wageni. Huko alitoa shukrani zote alizoagizwa, bila kuruka hata moja, na watu wakapiga makofi. Msimamizi, kwa kuwa wapiga picha walikuwepo, akamletea kikombe cha chai kwa mikono yake mwenyewe. Mzee hakukigusa.

"Mpe fundi," akasema. "Yeye ndiye anayeipenda."

Watu wote wakanigeukia, wakidhani ni utani wa wazee. Nikakipokea, nikanywa.