Dakika Kumi na Saba za Kituo cha Juu

Saa mbili kasorobo asubuhi. Karani wa takwimu amekaa mbele ya kompyuta, chai imepoa pembeni, karatasi kaishika kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika.

Anahesabu mistari ya vituo kwa kidole. Mmoja, miwili, mitatu. Anarudia. Mitatu tena.

"Ilitakiwa iwe miwili," ananong'ona. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

Mama huyu wa miaka thelathini na tatu, ambaye wenzake humwita Mama Jedwali, ana miaka kumi na moja katika ofisi ya magari ya wagonjwa. Anapima gari linatumia dakika ngapi kumfikia mgonjwa kutoka kila kituo: cha juu, cha kati na cha chini.

Kompyuta haijui majina ya vituo. Kwa hiyo kila safari inaandikiwa moja au sifuri. Imetoka kituo cha juu? Moja. Haikutoka huko? Sifuri. Kisha inakuja regresheni, hesabu ya kutafuta nini kinaongeza dakika na nini kinapunguza.

"Ukiiweka namba ya kuanzia, kituo kimoja ndicho kinakuwa mwanzo, hakipati mstari wake," anaeleza. "Vile viwili vinaonyesha tu vimekizidi kwa ngapi. Ukiiondoa, vyote vitatu vinajitokeza, kila kimoja na wastani wake. Namba zinabadilika, lakini safari ni zile zile."

Jana aliiondoa, akasahau. Juu ya jedwali kikabaki kichwa cha siku zote: "Dakika zinazozidi zile za kituo cha chini." Kituo cha juu kikasomeka kimezidi kwa kumi na saba.

Mkurugenzi akaamini. Kikao cha kukifunga kituo hicho ni saa tatu.

Na huko juu ndiko anakokaa dada yake, mwenye mimba ya miezi minane.

"Mimba ya kwanza alitokwa na damu, gari la juu ndilo lililomuwahi. Likitoka cha kati ni nusu saa na zaidi. Dada ndiye aliyenilea mimi."

Kwenye korido anakutana na dereva mkongwe wa kituo cha juu, aliyekuja kikaoni na shati limenyooshwa pasi.

"Mama Jedwali, mbona umepauka hivyo? Unafukuzwa wewe au nafukuzwa mimi?"

"Nimekuandikia uongo, kaka."

"Uongo wa kiasi gani?"

"Dakika kumi na nne."

Dereva anaacha kucheka. "Nenda kaseme mwenyewe. Nikisema mimi, wataona najitetea."

Ndani wamo watu sita. Anawaeleza kosa la jedwali, na kwamba dakika za kuzidi ni tatu tu.

"Sasa mama, hicho kituo kinachelewa kumi na saba au tatu?" mkurugenzi anauliza bila kuinua macho.

"Kinafika kwa kumi na saba, mzee. Kinachelewa tatu. Cha chini chenyewe kinafika kwa kumi na nne."

Mkurugenzi anainua macho: "Na jana ulikuwa wapi?"

Kituo hakikufungwa. Kimepewa wiki mbili za kusubiri ripoti mpya, yeye amepewa barua ya onyo, na ripoti hiyo ataiandika yeye huyo huyo.

"Nikikosea tena, nani atanisikiliza? Naogopa hata kubonyeza."

Sasa anapanga kuandika kwa maneno kando ya kila namba: hizi ni dakika zenyewe, au hizi ni za kuzidi. Na Jumatatu atapanda gari la kituo cha juu, akae mbele na saa mkononi, ajue hizo tatu zinapotelea wapi.

"Dereva anasema ni lile daraja bovu. Nataka nilione, niliandike, litengenezwe," anasema. "Kituo kina wiki mbili. Dada yangu amebakiza tano."