Sanduku la Kalibu

Ngozi mbichi iliyolowekwa kwenye maji ya magome ya mgunga ina harufu ambayo wageni huiita uvundo, na mimi sijawahi kubishana nao. Kwetu Kenyamonta harufu hiyo iliingia kwenye nguo, kwenye uji, kwenye madaftari yangu ya shule, hata mwalimu wetu wa darasa la nne, mama mmoja aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali, akanipa dawati la dirishani bila kusema sababu. Sikuona haya. Ilikuwa harufu ya kazi ya baba, na kazi ya baba ilijulikana mpaka Mugumu na Tarime mjini. Alishona mifuko ya bastola, ile inayovaliwa kiunoni kwenye mkanda, na watu wenye silaha za vibali walifunga safari kumfuata yeye tu. Siku hizi nikipita karibu na machinjio na harufu ile ikanifikia, hukata kona nikatafuta njia nyingine.

Baba, Fundi Marwa kama wote walivyomwita, alizaliwa Matongo, kabla mashimo ya dhahabu hayajaifanya Matongo kuwa ile inayotajwa leo. Babu yake alikuwa akitengeneza ala za sime, na baba akaanzia hapo. Alipokua alikwenda Sirari kukaa na mzee mmoja fundi viatu, mkali kama pilipili kichaa, ambaye alimfundisha kushona kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, ili uzi ukikatika upande mmoja, wa pili ubaki umeshika. Alipooa alihamia Kenyamonta, karibu na kwao mama. Huko askari mmoja wa wanyamapori alimletea mfuko wa bastola uliochanika akitaka kiraka. Baba aliufumua wote, akautazama siku mbili nzima, kisha akamshonea mwingine. Askari yule akaenda kuwaonyesha wenzake, na tangu hapo viatu alivishona kwa kubembelezwa tu.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kwa wakubwa. Bastola ya kweli haikulala nyumbani kwetu. Mteja alifika, akaitoa risasi mbele ya baba, akaiweka mezani mdomo ukielekea ukutani, na baba akaichora kwenye karatasi na kuipima unene kwa uzi wenye mafundo. Mteja akanywa chai yake, akaondoka nayo. Baada ya hapo baba alichonga kalibu, yaani mfano wa bastola ileile kwa mti wa mpera, na ngozi iliyolowa maji ikavikwa juu ya kalibu na kukandamizwa kwa mfupa wa ng'ombe mpaka ikashika kila kona. Ilikaushwa kivulini siku tatu. Siku ya kuichomoa kalibu, ngozi ilitoa sauti ndogo kama msonyo, na baba alicheka kila mara akisema, "Umemsikia? Amekasirika kuamshwa." Kalibu zake zilikaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ulikaa ndani ya kopo la nta.

Kazi yangu ilikuwa kuzipaka kalibu mafuta ya ng'ombe ili zisigandamane na ngozi. Kwa mafuta hayo na rangi ya ngozi, mti wa mpera uligeuka mweusi unaong'aa, na ukiiona kalibu kwa mbali usingeapa kwamba si chuma. Nilikuwa na kazi ya pili ambayo niliipenda zaidi. Mfuko ukikamilika, baba alinifunga mkanda kiunoni, akatia kalibu ndani, akaniambia nikimbie mpaka kwenye kichuguu, niruke mara tatu, nirudi. Mfuko mzuri, alisema, hauachii kitu mwenyewe asipotaka, na hautoi sauti. Basi nilikimbia na gauni langu la shule, mkanda wa askari umenizunguka mara mbili, na watoto wa jirani walisimama kuniangalia. Nilijiona mkubwa kuliko wote. Najua hisia ile mpaka leo, na ndiyo iliyoniponza.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja, mjomba Mwita, aliyekuwa akiishi Ringwani kwa babu. Mjomba alikuwa kijana wa maneno mengi na meno meupe, anayetembea kama anasikia ngoma ambayo sisi hatuisikii. Kwa desturi yetu, mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka, kwa hiyo ng'ombe ambao baba alimtolea mama walikuwa wa Mwita, wakimsubiri yeye apate mke. Walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na jina. Mwaka ule, baada ya mavuno ya mtama, mchumba alishapatikana na siku ya kupeleka ng'ombe ilishatajwa. Mjomba alipokuja kwetu hakuacha kunitania kwamba mke wake atanuka maziwa tu, si kama sisi tunaonuka kwato.

Asubuhi moja, siku ya mnada, baba aliondoka mapema kwenda kununua ngozi, na mama alikuwa shambani anang'oa mihogo. Nilikuwa peke yangu uani nimesamehewa shule kwa sababu ya jipu mguuni. Mjomba akatokea mbio, shati limemlowa, hana hata salamu.

"Tata wako yuko wapi?"

"Ameenda mnadani. Shikamoo, mjomba."

"Ng'ombe wameenda, Bhoke. Wote. Vijana wameshaanza kufuata kwato kule bondeni." Alizunguka uani kama anayetafuta kitu alichokiangusha, mwisho akasimama kwenye mlango wa kibanda cha baba. "Nipe moja ya zile za mti. Na mfuko wake."

"Si inaua?" nikamwuliza, ingawa nilijua jibu vizuri kuliko yeye.

"Haiui mtu. Wakiona mkanda tu watatimua mbio. Mimi nitaishika hivi, basi."

Ningeweza kusema sijui ufunguo ulipo. Ningeweza kumkimbilia mama shambani. Badala yake nilichimba kwenye kopo la nta, nikafungua sanduku, na nikamchagulia mwenyewe. Nilichukua kalibu niliyokuwa nimeipaka mafuta juzi yake, na mfuko wa rangi ya kahawia uliokuwa umekamilika ukimsubiri mwenyewe kutoka Mugumu, mzuri kuliko yote aliyoshona baba mwaka ule. Nikamfunga mkanda. Nikamrekebishia ukae chini kidogo ya nyonga, kama baba alivyofanya kwangu. Mjomba akajitazama, akasahau ng'ombe kwa muda mfupi, akatabasamu. "Mura, kijana wewe, huyu ni nani?" alisema akijiuliza mwenyewe, na wote wawili tukacheka. Kisha akapita kwenye ua wa minyaa akikimbia, na mfuko haukutoa sauti yoyote.

Walirudi kesho yake mchana. Tuliwasikia ng'ombe kwanza, na mama akapiga vigelegele kwa sababu aliwahesabu wakiwa mbali, na walikuwa kumi na mmoja. Nyuma ya ng'ombe wanaume wanne walikuwa wamebeba machela ya matawi. Mmoja wao, jirani yetu Chacha, ndiye aliyesimulia, naye alisimulia akitazama chini. Waliwakuta wezi wakinywesha ng'ombe mtoni. Wezi walikuwa na pinde na mapanga, na wangekimbia, alisema Chacha, kwani walishaanza kurudi nyuma. Ndipo Mwita akatangulia mbele ya wote akaweka mkono kiunoni.

"Sisi tulikuwa ishirini," alisema Chacha. "Walimwona yeye tu. Mishale yote ilienda kwake."

Wezi walivuka mto wakaacha ng'ombe. Kalibu haikutoka hata mfukoni, maana baba alishona mfuko wake usiachie kitu ovyo. Chacha aliufungua mkanda kutoka kwa marehemu akaulaza kwenye nyasi, na nikaona mafuta yangu bado yanang'aa kwenye mpini.

Baba alikuwa amesharudi kutoka mnadani. Hakulia. Aliuokota mfuko, akaugeuza, akaingia kibandani, nasi tukasikia mfuniko wa sanduku ukiinuliwa bila kufuli kufunguliwa. Ni kweli halikuwa limefungwa. Mimi ndiye niliyeliacha hivyo, kwa haraka ya kwenda kumtazama mjomba akipita kwenye ua. Ufunguo niliurudisha kwenye nta, nikasahau kufuli. Baba alisimama pale muda mrefu. Alipotoka, alikwenda moja kwa moja mbele ya babu na wazee wa Ringwani waliokuwa wameanza kufika, akavua kofia.

"Jana nilikuwa na haraka ya mnada," aliwaambia. "Niliondoka sikufunga sanduku. Mwita aliingia akakuta wazi. Ni mimi."

Nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika kanga yake. Babu alimtazama baba, akatazama machela, akasema, "Umenilipa ng'ombe, ukanichukulia mtoto." Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo kabisa, na nikaufunga. Nilikuwa na miaka kumi na niliogopa kupigwa, hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine ya heshima zaidi. Nilijiambia nitasema baada ya mazishi. Baada ya mazishi nikajiambia nitasema mama akiacha kulia. Mama alirudi kwao Ringwani akakaa huko mpaka nilipomaliza darasa la saba, na aliporudi hakumwita tena baba kwa jina langu, Baba Bhoke, alimwita "wewe" mpaka siku mama mwenyewe anaingia kaburini.

Wiki ile ile baba alizichoma kalibu, moja moja, kwenye moto uliokuwa unachemsha maji ya magome. Mti wa mpera uliokunywa mafuta miaka yote unawaka vizuri sana. Mwenye mfuko alipokuja kutoka Mugumu, baba alimwambia tu kwamba hashoni tena, na wengine waliomfuata aliwajibu hivyo hivyo, wakabembeleza, wakachoka. Mikono ile iliyojua kupishanisha sindano mbili gizani iligeukia kukata matairi ya gari kutengeneza katambuga za wachungaji. Alikuwa bado kijana wakati huo. Naomba nieleweke: hakufilisika, hakulewa, hakugombana na mtu. Aliishi tu kama mtu anayetumikia kifungo, na kifungo kilikuwa changu.

Sasa mimi ni mwalimu mjini Mugumu, na baba, ambaye kumbukumbu imeanza kumtoka, naishi naye. Askari ninaowaona barabarani wanavaa mifuko ya plastiki nyeusi inayotoka kiwandani ikiwa imeshatengenezwa, yote saizi moja, na wakitembea inagonga-gonga. Vijana wanaohamia huku hawajui kwamba mzee anayeota jua kwenye kiti cha kamba aliwahi kuwa fundi wa kufuatwa kutoka wilaya mbili. Yeye mwenyewe ameanza kusahau. Amesahau Sirari, amesahau kwamba mama amefariki, siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Kitu kimoja hajakisahau. Kila ninapotoka kwenda shuleni huniuliza, "Sanduku umelifunga?" Sanduku lile la bati bado tunalo, lina mablanketi.

Mwaka jana, siku ya Jumapili, nilikaa chini kwenye mkeka karibu na miguu yake nikamwambia. Nilisema yote, kopo la nta, mkanda, kufuli. Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yamepungua, na nililia nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Alinisikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mgeni mwenye msiba.

"Huyo mtoto alikuwa wa nani?" akaniuliza.

"Wako, tata."

Akatikisa kichwa taratibu. "Maskini," alisema. "Baba yake hakufunga sanduku?"

"Alifunga," nikamwambia. "Baba yake alilifunga. Mtoto ndiye aliyelifungua."

Alinitazama, na kwa kitambo nilidhani yamemwingia. Kisha akainamisha kichwa akasema kwa upole, kama anayenionea huruma kwa kutojua mambo, "Hapana. Wanafunga wale wenye akili. Yule alikuwa na haraka ya mnada."

Tangu siku hiyo sijajaribu tena. Asubuhi akiniuliza, narudi ndani, nafungua kufuli ambalo tayari limefungwa, nalifunga upya kwa nguvu ili asikie mlio, ndipo naenda kazini.