Siti Hapaki Dawa ya Viatu

Watu wa Newala humwita Mama Nasibu, ingawa Nasibu mwenyewe, mwanawe, yuko Mtwara mwaka wa sita sasa na hupiga simu Idi kwa Idi. Jina lake ni Siti. Hachongi, na asikudanganye mtu kwamba anachonga. Kazi yake ni kupiga msasa. Mchongaji akishaweka patasi chini, mti unakuwa bado umejaa makovu ya chuma, na hapo ndipo Siti huingia. Huanza na msasa wa dukani, ule mkali, kisha laini, na mwisho huchukua majani ya mti wenyewe wa msasa, yale yanayoparuza kama ulimi wa paka, akasugua mpaka mpingo ung'ae bila kupakwa kitu. Sanamu ya urefu wa mkono humchukua siku nne. Mteja akija humsifu mchongaji. Siti amezoea, lakini msiseme kwamba haimuumi, maana inamuuma.

Alizaliwa Chiungutwa, akaolewa Newala, na mume akaenda Tandahimba msimu mmoja wa korosho, akaoa huko, asirudi. Siti hakulia sana. Alibangua korosho za watu mpaka mafuta ya maganda yakamchuna vidole, kisha Mzee Silvano, mchongaji wa Kimakonde ambaye hakosi kanisani Jumapili, akamwambia mikono iliyovumilia ganda la korosho itavumilia msasa. Tangu hapo ni miaka minane. Shemeji yake alishamwambia kwamba mwanamke wa Kiislamu hafai kusugua masanamu. Siti alimjibu amletee unga wa mwezi mzima, ataacha kesho yake. Shemeji hakuleta unga, na maneno hakuyarudia.

Karakana ni ya Dickson, ambaye hajawahi kushika patasi maishani. Yeye hushika simu. Ndiye aliyepokea kazi ya Mama Jayesh, mjane wa Kihindu mwenye duka la vitambaa kule Masasi, na kwa kuwa Siti alikuwa anateremka Chiungutwa kwenye arobaini, akatumwa afike na Masasi kuchukua vipimo.

Mama Jayesh alimpokea kwa chai ya tangawizi, akampeleka kwenye kona ya ibada. Lilikuwa kabati dogo la mbao lenye milango miwili, na juu yake mkwe wake marehemu alikuwa amechonga Om, alama yao takatifu. Siti alivua kandambili bila kuambiwa, akapitisha kidole kwenye ile alama, akaona kwamba mzee yule hakuwa fundi lakini alikuwa na subira. Ndani alikaa Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, anayeondoa vikwazo njiani. Nyumba nyingi huwa naye wa shaba. Kwao, tangu enzi za mkwe, alikuwa wa mti.

"Mtazame anavyocheka," Mama Jayesh alisema. Kisha akamgeuza. Mgongo haukuwepo. Vumbi la njano lilimwagika kwenye kitambaa. "Mchwa, mama. Wamemla kwa nyuma miaka mingapi sijui, na mimi kila asubuhi namwekea ua mbele, namwona anacheka tu."

Akalia, mwanamke mzima mwenye mvi, mbele ya mtu aliyemjua kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Siti akakaa naye chini. Akaambiwa basi kwamba kila mwaka, siku ya sikukuu yake, Ganesha huogeshwa kwa maji na maziwa na asali kidogo, na maziwa yale hayamwagwi. Kila mtu wa nyumba hupewa kijiko, anywe. Huanza mgeni kama yupo, halafu wajukuu. Wajukuu wenyewe ni watano.

"Ndiyo maana nataka mpingo," Mama Jayesh alisema. "Mpingo mchwa hawali, na rangi yake ni yake mwenyewe."

"Utapata mpingo, mama," Siti alimwambia. Alisema kwa kinywa chake. Hakutumwa kuahidi, aliahidi.

Mzee Silvano alichonga wiki tatu, kwenye pande moja bila kuunga, kama alivyofundishwa na baba yake. Alichonga vizuri mno, na hapo ndipo alipokosea. Kwenye picha Siti aliyoileta pamoja na vipimo, Ganesha alikuwa na pembe moja nzima na moja iliyovunjika. Mzee Silvano aliitazama, akamhurumia mama wa watu kwa kuwa na sanamu iliyovunjika, akamchongea pembe zote mbili, nzima, zimechongoka. Dickson alipotuma picha Masasi, Mama Jayesh alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Pembe ile, alisema, Ganesha aliivunja mwenyewe ili aandikie. Ikatwe. Mzee Silvano alinuna siku tatu. Katika maisha yake hajawahi kutoa kazi yenye pengo, na sasa anaambiwa achukue msumeno aharibu pembe isiyo na kosa! Mwishowe akaikata huku ameangalia pembeni, akaenda zake nyumbani bila kuaga. Siti ndiye aliyelainisha pale palipokatwa, kwa jani, taratibu, mpaka ukipitisha kidole usikwaruzike.

Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kuzisugua. Tunasema hivyo ili ieleweke hasira yake ilitoka wapi.

Kwani Jumatatu alifika karakana akakuta Ganesha hayupo. Mzee Silvano alikuwa msibani Tandahimba. Dickson alikuwa amekaa juu ya gogo, mchangamfu. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam alipita na gari lenye vioo vyeusi, akakipenda, akakinunua akapambe ofisi. Dickson alikiita kitu. Na mahali pake, juu ya meza ya Siti, palisimama Ganesha mwingine, mweupe kama muhogo uliomenywa, aliyekerezwa kwa siku mbili na fundi wa vitanda wa sokoni. Siti alimwinua kwa mkono mmoja. Alikuwa mwepesi. Akamnusa.

"Huu mkorosho," alisema.

"Mti ni mti, Mama Nasibu." Dickson akamsogezea chupa ya dawa ya viatu nyeusi, ile ya maji, na kitambaa. "Mpake mara tatu, akauke. Kesho nampeleka Masasi. Keshokutwa ndiyo sikukuu yao."

Siti alidhani amesikia vibaya, akamwomba arudie. Akarudia! Kwa uso ule ule mkavu, kama mtu anayeagiza chumvi. Mpingo mwingine usingepatikana upesi, Mzee Silvano ana umri, mteja ana haraka, na mama yule wa vitambaa atajuaje?

"Dickson, huyu wanamwogesha."

"Wamwogeshe."

"Yale maziwa wanakunywa! Wajukuu wanakunywa! Unataka niwanyweshe watoto wa watu dawa ya viatu?"

"Kijiko kimoja hakiui mtu." Akacheka. "Halafu wewe Mwislamu, Mama Nasibu. Sanamu ya Wahindi inakuhusu nini?"

Damu ilimpanda Siti mpaka masikio yakavuma. Watu wa namna ya Dickson wapo kila mahali: dini ya mtu hawaijui mpaka wapate pa kuitumia. Miaka minane hakumuuliza kama amefunga au amefuturu, leo amekuwa sheikh wake.

"Mimi simwabudu," Siti alisema. "Wala sitamwabudu. Lakini mahali mtu anapoinamishia kichwa chake hapapakwi uongo. Ningekutana na mtu anaweka mchanga kwenye birika la udhu, wewe ungeniambia ninyamaze?"

"Basi nenda nyumbani. Nitapaka mwenyewe. Na usirudi."

"Nakwenda."

Akachukua majani yake ya msasa tu, yaliyokuwa kwenye kikapu, akaondoka. Njiani aliongea peke yake kwa sauti, na waliomsalimia hakuwajibu, jambo ambalo kwa Siti ni kama kutembea bila khanga.

Kesho yake asubuhi alipanda basi la kwanza, ukungu haujaondoka kwenye mikorosho. Basi lilipoteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala hakutazama nje. Aliipita Chiungutwa alikozaliwa asishuke kuwasalimia ndugu. Saa tatu alikuwa mlangoni kwa Mama Jayesh.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Nasibu. Karibu. Mbona umetangulia? Dickson amesema analeta yeye."

"Analeta. Lakini anacholeta si mpingo. Ni mkorosho umepakwa dawa ya viatu. Usimpe mtoto maziwa yake."

Mama Jayesh alikuwa na sababu ya kusita. Marehemu mume wake alifanya biashara na baba yake Dickson, hawakuwahi kudanganyana. Na huyu aliyesimama mlangoni alikuwa mpiga msasa aliyefika hapo mara moja tu. Lakini hakumwambia kwamba ni mwongo. Alimwambia akae, kisha akaingia jikoni, akatoka na sinia la shaba, jagi la maji ya vuguvugu, kopo la maziwa na kijiko kidogo. Akavipanga mezani, akangoja.

Dickson alifika saa tano, amevaa shati la kupigwa pasi, amemfunga Ganesha kwenye kitambaa chekundu alichonunua njiani. Hana haya wala soni! Alipomwona Siti alisita, kisha akapata ulimi haraka kuliko Siti alivyotarajia.

"Ah, Mama Nasibu umewahi! Huyu ndiye fundi wangu wa kumalizia, mama. Weusi wote huo unaouona ni mikono yake."

Siti alifungua kinywa amjibu, akachelewa. Mama Jayesh alikuwa ameshaipokea sanamu. Aliipima kwa viganja vyote viwili, uso haukubadilika. Akaisimamisha katikati ya sinia.

"Kwetu haingii kwenye kabati kabla ya kuoga," alisema.

Akamwagia maji. Yaliteremka kichwani, yakapita kwenye mkonga, yakafika tumboni yakiwa ya kijivu. Akamwagia maziwa. Maziwa yalifika chini meusi, na nyuma yake, kuanzia utosini, ukaonekana mti mweupe, mstari kwa mstari. Harufu ya dawa ya viatu ikajaa sebuleni. Mama Jayesh alichukua kijiko, akachota nacho mle siniani, akakinyanyua kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukishika kiwiko kwa adabu, akamsogezea Dickson.

"Karibu, baba. Sisi huanza na mgeni."

Dickson alitazama kijiko. "Mama, mimi nimeshakunywa chai."

"Ni kijiko kimoja tu."

"Hiyo ni rangi kidogo, mama. Ikioga mara mbili tatu itaisha."

"Wajukuu wangu ni watano. Wa mwisho ana miaka miwili. Huyo nimpe cha mara ya kwanza au cha mara ya tatu?"

"Kunywa!" Sauti ya Siti ilitoka sasa, na ilitoka kubwa hata mtu wa dukani akachungulia. "Kunywa, Dickson! Si ulisema kijiko kimoja hakiui mtu? Mbona unarudi nyuma?"

Alikuwa kweli anarudi nyuma. Aligonga kiti, akakishika kisianguke, akasema atarudi wakae wazungumze kama watu wazima, akatoka. Gari lake lilisikika likiwashwa kabla mlango haujajifunga vizuri.

Siti alikaa chini akihema. Alijua hana tena karakana ya kurudi, na kwa wakati ule hakujali hata kidogo. Angeweza kumfukuza Dickson kwa miguu mpaka Newala. Alitaka Mama Jayesh naye apige kelele. Alitaka wamtukane pamoja, wamtukane na baba yake, wamtukane na yule fundi wa vitanda.

Mama Jayesh hakutukana. Aliweka kijiko, akakausha vidole vyake kwenye ncha ya sari, akaketi karibu na Siti mkekani.

"Na wa mpingo?" aliuliza. "Yule niliyemwona kwenye picha. Alichongwa kweli, au na picha ilikuwa uongo?"

"Alichongwa kweli, mama. Nilimsugua kwa mikono hii siku nne. Amechukuliwa na mtu wa Dar es Salaam."

"Ana nyumba ya ibada, mtu huyo?"

"Hapana. Amemweka ofisini. Pambo."

Mama Jayesh alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu yake aliyeko mbali. Milango ya lile kabati ilikuwa wazi, na ndani hapakuwa na kitu ila kitambaa kilichofuliwa na ua la asubuhi.

"Kesho," akauliza, "huko aliko nani atamwogesha?"

Hasira yote aliyotoka nayo Siti Newala ikamgeuka machoni, akalia mbele ya mwenye msiba.

"Hakuna mtu, mama," alisema. "Hakuna."