Mgeni Aliyesema Ameshiba

Bi Sidi Mramba, mkutubi wa tawi la chuo kikuu mjini Kwale, hakuwa na subira, wala hakujisingizia kuwa nayo. Mwanafunzi akiranda ovyo kati ya vitabu, atasikia: "We, rafu hazisemi, njoo uniulize mimi." Lakini wale wa kuhamia kutoka vyuo vingine aliwaonea huruma. Mgeni ni kuku mweupe; kila mtu humwona, na kila mtu hudhani mwenziwe ameshamwelekeza.

Mwaka wa tisini na nane akampata Muange, kijana wa Makueni, aliyehamia baada ya chuo chake cha bara kufungwa kwa migomo. Aliambiwa waziwazi: asipoleta utafiti juu ya mikoko ya Gazi, kijiji cha ufuoni, mwisho wa muhula, miaka yake miwili haitahesabiwa, ataanza upya. Bi Sidi akamfundisha kutafuta makala, kupanga marejeo, kutunga maswali ya kuwauliza wanakijiji. Maswali yakawa mazuri, haki ya Mungu. Muange akaenda Gazi, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, vilevile.

"Wananikaribisha vizuri," alisema. "Nikiuliza, wanasema hawajui. Watu wanaokata boriti za mikoko tangu utotoni!"

Bi Sidi akavua miwani. "Walikupa chakula?"

"Kila nyumba. Nikasema nimeshiba."

"Lahaula. Umekataa chakula cha watu, kisha wataka maneno yao?"

Jumamosi akafuatana naye hadi Gazi, kwa Bi Mapenzi, mama mtu mzima aliyekulia mikokoni. Njia nzima alimsema: ana kiburi, ana dharau, atajikosesha masomo kwa mdomo wake mwenyewe. Wakapiga hodi, wakaamkiana. Sinia ya wali na samaki ilipowekwa mkekani, kijana akarudisha mkono nyuma.

"Huyu hapendi chakula chetu," Bi Mapenzi alisema kwa upole, lakini uso ameukunja.

"Si hivyo, mama," Muange akajibu. "Kwetu, mwaka wa ukame, mama alitukataza kula kwa watu. Alisema tukipewa tuseme tumeshiba, maana tukila sisi, watoto wa nyumba ile watalala njaa. Mpaka leo nikiona sinia natazama watoto kwanza."

Bi Sidi aliona haya, akakosa pa kutazama. Yeye ni mzaliwa wa Kinango. Ukame anaujua, njaa anaijua, na hakumuuliza mtoto wa watu neno kabla ya kumsema.

Bi Mapenzi akamsogezea kijana kipande kilichonona. "Kula, mwanangu. Wangu wameshakula."

Ndipo Muange akala, akala kweli, na mama akazungumzia mikoko mpaka alasiri.

Utafiti ukapokelewa, Muange akaingia mwaka wa tatu. Ukali haukumtoka Bi Sidi, ng'o. Ila tangu hapo, mwanafunzi wa kuhamia akifika mezani pake, hamuulizi kwanza anatafuta kitabu gani.

"Huko utokako," humwambia, "kukoje?"